Kadi ya Mgao Mezani kwa Hakimu

Sogea karibu unisikilize, hasa wewe uliyeingiwa na hofu kwa sababu umeitwa mahakamani kwa jambo la mirathi. Nitakwenda taratibu. Nilifundisha shule ya msingi Ujiji kwa miaka mingi, na nimezoea kurudia jambo mpaka aliyekaa nyuma kabisa alielewe. Maneno ya mahakama yanatisha kwa mbali tu. Msimamizi wa mirathi ni mtu anayepewa kazi ya kukusanya mali ya marehemu na kuigawa kwa wanaostahili. Pingamizi ni kusema sikubali, na kueleza kwa nini. Kielelezo ni karatasi au kitu unachokabidhi ili maneno yako yaaminike. Ukiyashika hayo matatu, unaweza kukaa kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo bila kutetemeka.

Nilimweleza jirani yangu hivyo hivyo, kwa maneno haya haya. Alielewa vizuri, na bado hatukufika popote.

Miaka ile ya wakimbizi mji wetu ulikuwa na watu waliokuwa na ruhusa ya kuwapo na wengine wasiokuwa nayo. Jirani yangu hakuwa nayo. Alivuka ziwa na mama yake kutoka Burundi, wakapelekwa kambini, na baada ya kukaa huko karibu mwaka mzima bila kazi alitoka kimyakimya akaja ufukweni Kibirizi kuanika dagaa. Wanawake wengi wa kambini walifanya hivyo. Asubuhi unamwaga dagaa mchangani, unawageuza kwa fagio kabla hawajakauka upande mmoja, unafukuza kunguru kutwa, jioni unakusanya. Mfanyabiashara mmoja wa Ujiji aliyekuwa akinunua dagaa kwenye mitumbwi na kuwapeleka kwenye treni alimpa kazi, na baadaye akamwoa.

Kwao walikuwa Wakristo. Alisilimu, akapewa jina jipya, ndoa ikafungwa barazani kwa sheikh mmoja mzee mbele ya mashahidi wawili, wote Warundi waliokuwa wakipakia magunia pale Kibirizi. Cheti hakuna aliyekiuliza. Watu walikuwa wameona, wali ulikuwa umeliwa, basi. Mimi sikuwapo. Nilihamia mtaa ule baadaye, nikawakuta wana binti anayetambaa, kisha akazaliwa na wa kiume. Ukuta wa uani ulikuwa mmoja, na kwa miaka karibu saba nilimsikia kila alfajiri akimwamsha mumewe kwa Kirundi naye akimjibu kwa Kiswahili cha usingizi.

Jina lake la kambini halikufutwa. Alikuwa na kadi yake ya mgao, yenye jina la ubatizo, na kwa kadi hiyo mama yake aliyebaki kule alichukua unga na maharage ya mtu wa pili, na watoto walipozaliwa, ya kwao pia. Kila ilipotangazwa kwamba watu watahesabiwa upya, jirani yangu aliwabeba watoto akaenda, akahesabiwa, akatiwa wino kidoleni, akarudi Ujiji kidole akikificha ndani ya kanga. Mtaa mzima ulijua. Mumewe ndiye aliyekuwa akimsindikiza kituoni. Alichokuwa akijibu wakimwuliza kule habari za mume, hilo sikuwahi kumwuliza.

Mume aliugua homa, na wiki haikuisha akafariki.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, wanaume wa ukoo walikaa kikao. Kikao hiki ukitazame vizuri, maana ndio mlango wa shauri zima. Ukoo unamchagua mtu wa kuomba usimamizi, unaandika muhtasari kwamba fulani amefariki, ameacha mke huyu na watoto hawa na mali hii, na sisi tuliotia saini tumempendekeza huyu. Mahakama inaanzia kwenye karatasi hiyo. Kisichoandikwa humo itabidi mtu mwingine akakitafute kwa jasho.

Aliyechaguliwa ni mdogo wa marehemu, fundi cherehani. Sitamsema vibaya zaidi ya alichofanya. Alikuwa mtu mpole, sare za nusu ya shule yetu alizishona yeye, na mtoto akija na kitambaa pungufu alikuwa akitafuta kipande chake mwenyewe akaunga. Lakini nyumba ya marehemu ilijengwa kwenye kiwanja cha baba yao, na siku zile kila mtu alikuwa akisema wakimbizi watarudishwa kwao wote. Aliona kiwanja cha baba yake kinaondoka na watu wa kuondoka. Kwenye muhtasari, mahali pa mke, waliandika hakuna. Mahali pa watoto, hakuna.

Jirani yangu hakuuona. Alikuwa ndani, ameshaanza eda.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa haja kubwa. Mahakama nayo ikipokea maombi ya mirathi hubandika tangazo, na pale kwetu lilikaa ubaoni miezi mitatu, ili mwenye neno ajitokeze. Hesabu mwenyewe. Tangazo lilibandikwa, likapigwa na jua na kuanza kukunjamana, na mtu lililomhusu kuliko wote alikuwa amekaa chumbani kwa sababu ya yule yule marehemu aliyetajwa ndani yake. Nililiona kwa bahati tu, nilipokwenda kuapa kiapo cha jina langu. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilipofika kwake, shangazi wa marehemu alikuwa ameketi mlangoni anachagua mchele. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akimwangalia mjane tangu siku ya kwanza, akimpikia na kumfundisha namna ya kukaa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba Mwalimu. Uso huo umetoka nao wapi?"

Nikaeleza. Hakuacha kuchagua.

"Kwa hiyo unataka kumtoa mtu eda."

"Aende mchana, arudi mchana. Kwa dharura inaruhusiwa, Bibi."

"Dharura ni uzazi na moto."

"Kwa nyumba hii, huu ni moto."

"Akitoka watasema mjane gani huyu anazurura. Asipotoka watasema mbona hakuja kusema neno. Wewe uliyesoma, nichagulie moja."

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia. "Nitakwenda. Ego, ndiyo, nitakwenda. Kama mimi si mke wake, eda hii ninamkalia nani?"

Bibi akatupa jiwe dogo uani. "Hilo nalo neno," akasema.

Nikapata moyo, nikamgeukia. "Bibi, wewe siku ya ndoa ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Wali niliupika mimi, na chini uliungua."

"Basi uje useme hivyo hivyo. Hakimu hatataka zaidi."

Akarudi kwenye mchele wake. Sheikh alikuwa ameshafariki. Mashahidi wale wawili walikuwa wamerudi Burundi na kundi la kwanza la waliojiandikisha kurudi. Aliyebaki aliyeona kwa macho yake, na ambaye tungeweza kumgusa bega, ni yeye.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikujaliwa mtoto. Siku nikifa, atakayenitia kaburini ni huyo huyo unayetaka nikamseme. Huyu nitampikia mpaka eda yake iishe, na hata ikiisha. Mahakamani siendi."

Nilirudi kwake mara tatu. Kila mara alinikaribisha vizuri, akanipa chai, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Mahakama ya Mwanzo haikuwa na mawakili. Kila mtu alijisemea. Karani alituambia mweka pingamizi aandike sababu zake, aambatanishe vielelezo. Nikaandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni, na nikamwambia jirani yangu maneno ninayoyakumbuka kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu: lete kila karatasi uliyo nayo. Ndivyo nilivyoamini. Mwalimu akikutana na shaka huomba daftari zaidi.

Alileta mfuko wa nailoni. Mlikuwa na kadi mbili za kliniki za watoto na stakabadhi ya shule yenye jina la baba. Na mlikuwa na ile kadi ya mgao, ambayo mama yake alipokuja msibani alimwachia, ili mambo yakiharibika awe na pa kurudi. Niliziandika namba kwa kalamu nyekundu. Kadi ya mgao niliipa namba nne. Niliona jina, niliona watu watatu, mama na watoto wawili, nikasema hii nayo itaonyesha kwamba watoto ni wake. Ndani ya kadi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikuikunjua.

Siku ya shauri alikuja amejifunika, macho tu yanaonekana, akaketi ukingoni mwa benchi kama mtu anayepita. Hakimu alikuwa na washauri wawili wa mahakama, watu wazima wa mji, mmoja kila upande. Utaratibu ni huu, na ni mzuri. Mwombaji anaapa, anaeleza. Mpinzani anamwuliza maswali. Kisha mpinzani naye anaapa, anaeleza, naye anaulizwa. Na kila kielelezo lazima upande wa pili ukishike, ukitazame, useme kama kinapokelewa au la, ili asipatikane mtu wa kuchomekewa karatasi asiyoijua.

Fundi alieleza kwamba yule mama alikuwa mfanyakazi wa kaka yake, mwanika dagaa, aliyepewa chumba kwa huruma. Aliyasema akitazama chini. Jirani yangu akaeleza ya kwake, kwa sauti ndogo lakini bila kuyumba: jina la sheikh, siku ya wiki, nguo aliyovaa. Mshauri mmoja alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nami nilishaanza kufikiria nitakavyomweleza hatua inayofuata.

Kisha vielelezo vikapelekwa kwa fundi. Kadi za kliniki alizirudisha bila neno. Ya nne aliifungua, akaitoa ile karatasi ya ndani, akaikunjua mkunjo kwa mkunjo na kuilaza juu ya goti, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata. Akaisoma mara mbili.

"Sina pingamizi, mheshimiwa. Naomba ipokelewe."

Ilikuwa fomu ya kuhesabiwa kambini, ya miezi minane kabla ya kifo cha mumewe.

"Hii ni yako?" hakimu akamwuliza.

"Yangu."

"Na hili dole gumba?"

"Langu."

"Imeandikwa hapa, hali ya ndoa: mjane. Mume alifariki Burundi. Dini: Mkristo. Ulisema wewe?"

"Nilisema mimi."

"Wakati huo marehemu wetu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa amenisindikiza kupanda gari."

Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu akawanyamazisha kwa macho.

"Kwa nini ulisema umefiwa?"

"Mheshimiwa, wote tulikuwa tunasema hivyo. Ukisema una mume mjini wanakufuta, na mama anabaki na kikombe kimoja cha unga. Nilisema kwa ajili ya mama."

"Kwa hiyo siku ile ulisema uongo."

"Ego. Ndiyo."

"Na leo unasema kweli."

"Leo nasema kweli."

Hakimu aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mama, mimi nitazitofautishaje siku hizo mbili?"

Nikaitwa kama shahidi. Nilisema nimewasikia nyuma ya ukuta miaka karibu saba. Nilisema sheria inawatambua mume na mke waliokaa pamoja zaidi ya miaka miwili na kujulikana hivyo na majirani, maana nilikuwa nimeuliza nikaambiwa. Hakimu akaniitikia kwa heshima. Ndivyo, Mwalimu, akasema, lakini hiyo ni dhana, na dhana inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Hapa imevunjwa na mwenyewe, kwa dole gumba lake. Je, ndoa niliiona ikifungwa? Sikuiona. Namjua aliyeiona? Nilimjua. Nikataja shangazi. Hakimu akamwuliza fundi kama shangazi yuko. Yuko, mheshimiwa, ila ni mzee, miguu inamsumbua. Nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile akitoka sokoni na kikapu kichwani.

Shauri likaahirishwa ili tutafute shahidi wa Burundi. Tulimpa mtu wa boti barua. Likaahirishwa tena. Barua ilirudi bila kufunguliwa, mchukuzi akasema kwenye kilima walikotoka mashahidi wale alikuta mahame tu.

Katika kungoja huko nje, siku ya mwisho, jua lilikuwa limefika kwenye benchi letu. Fundi alikuwa upande wa pili penye kivuli. Akainuka, akaja, akasema, "Shemeji, hamia kule, hapa utaungua."

Nikaruka kama nimepigwa. Tulipoingia ndani nikaomba ruhusa, nikalisema mbele ya hakimu: amemwita shemeji, sasa hivi, mlangoni hapo.

"Mheshimiwa," fundi akajibu, "hata muuza maandazi wa pale nje namwita shemeji."

Safari hii hata mshauri alicheka. Fundi mwenyewe hakucheka. Karani akaniambia kwa upole kwamba yaliyosemwa nje hayamo kwenye jalada.

Uamuzi ulisomwa kwa dakika chache. Pingamizi limetupwa: ndoa haikuthibitika, na bila ndoa watoto nao hawamrithi baba kwa sheria ya Kiislamu. Mwombaji ameteuliwa kuwa msimamizi, alete orodha ya mali, baadaye alete taarifa ya mgawanyo. Asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Nilizisikia hizo siku thelathini nikazishika kama mtu anayezama. Nje nikaanza kumweleza, taratibu kama kawaida yangu, kwamba rufaa haihitaji mashahidi wapya, ni kuonyesha tu hakimu alikosea wapi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, alikosea wapi?"

Nilifikiri. Nilitaka kweli kumpata mahali hakimu alipokosea. Kila hatua ilikuwa imefuatwa. Tangazo lilibandikwa, sote tulisikilizwa, karatasi ilikuwa yake, dole lilikuwa lake, na mkono ulioiweka mezani ulikuwa wangu.

"Na kule Wilaya," akasema, "watauliza tena ninakaa Ujiji kwa ruhusa ya nani. Leo hawakuuliza. Nimemwona hakimu akiliruka swali hilo. Wa pili huenda asiliruke."

Akaamua kurudi kambini na watoto. Alikaa kwanza siku zilizobaki za eda yake, mpaka ya mwisho, katika chumba ambacho kwa amri ya mahakama hakikuwa cha mume wake. Msimamizi hakumharakisha. Shangazi aliendelea kumletea wali.

Lakini kambini huingii kwenye mgao bila kadi, na kadi ilikuwa kielelezo. Nikaenda kwa karani.

"Haitoki mpaka muda wa rufaa uishe, Mwalimu. Mkikata rufaa, inapanda na jalada."

"Hatukati."

"Hata msipokata. Siku thelathini."

"Watakula nini hizo siku?"

Karani alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Akafungua jalada, akanionyesha kadi ilivyobanwa kwa pini, na namba nne yangu nyekundu ubavuni. "Ningeweza ningekupa," akasema. Nilijua anasema kweli. Akafunga jalada.

Walikula kwangu. Siku ya thelathini na moja niliichukua kadi, nikawasindikiza kituoni. Binti, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa na barua yangu ya uhamisho, ingawa sikujua shule ya kambini inapokea barua za namna hiyo. Jirani yangu alinishukuru kwa kila kitu, akavitaja kimoja kimoja, na karatasi akazitaja. Sikumsikia akilaumu. Ningependelea angelaumu. Baadaye kambi zilipofungwa walivushwa, na tangu hapo sina habari yao.

Watu bado wananijia na mifuko ya nailoni. Siku hizi nakunjua kila karatasi na kuisoma mbele na nyuma kabla haijatoka mkononi mwangu, na ni vizuri, lakini nakwambia bila kukuficha kwamba hata kama ningeikunjua ile, ningebaki na mikono mitupu. Kilichokosekana hakikuwamo kwenye mfuko. Kilipaswa kuandikwa siku ya ndoa, au siku yoyote kati ya zile walizoishi pamoja, na kila moja ya siku hizo ingefaa.

Kwa hiyo, wewe unayeishi na mume au mke mliyeoana mbele ya watu bila karatasi, msingoje mgonjwa. Wiki hii nendeni wote wawili, pamoja na mtu mmoja au wawili walioiona ndoa yenu, kwa sheikh au padri aliyewafungisha, au aliyeshika nafasi yake, kisha mfike ofisi ya wilaya inayoandikisha ndoa. Ombeni cheti. Kisomeni hapo hapo dirishani, hakikisheni majina yenu ni yale mnayotumia kila mahali, toeni nakala mbili, na moja mpeleke ikatunzwe na mtu asiyekaa nyumba yenu.